Baba Amesikia

Baba yangu hakuwahi kumwambia mtu hapana. Wachache waliobaki wanaomkumbuka hulitaja jambo hilo kama sifa. Hata kwenye mazishi yake lilitajwa, na wanawake wakatikisa vichwa kwa huzuni, nami nikiwa benchi la mbele nikauma midomo nisicheke. Walisahau kwamba hakuwahi kusema ndiyo pia, ila mara moja. Mtu wa namna hiyo ukishamwomba kitu, amekushika shingo.

Alikuwa mgawa maji. Kwetu milimani, juu ya Same, maji ya kijito huelekezwa kwenye ndiva, bwawa la ukuta wa mawe na udongo lililochimbwa na mababu. Ndiva hujaa usiku, asubuhi mdomo wake huzibuliwa, na maji huteremka kwa mifereji hadi mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Anayeamua leo ni ya nani ndiye mgawa maji, na kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wetu. Baba aliirithi akiwa kijana. Kwa hiyo tangu nipate akili, kila jioni palikuwa na mtu mzima ameketi uani kwetu, amekuja na mkungu wa ndizi au fungu la miwa, anauliza hali ya ng'ombe wetu, anasifu kahawa yetu, anamsifu hata mbwa wetu, na mbwa yule alikuwa na upele.

Baba alimwacha mtu azunguke mbuyu mpaka achoke. Mwishowe mgeni alipolitoa la moyoni, kwamba maharage yake yanakauka na angeomba asogezwe mbele kidogo, baba alitazama mbali na kusema, "Nimesikia." Basi. Mgeni alishukuru sana, akashika njia, na kesho yake akaja tena na ndizi nyingine. Nilikuwa mtoto mdogo nilipoanza kugundua kwamba baba hakuwa akingoja ndizi. Alichongoja ni yale mazungumzo. Alinenepa kwa kuombwa.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu ndiva, kwa sababu bila hilo hutaelewa upumbavu wa watu wangu. Zamu ikikupita, inarudi. Ukikosa maji wiki hii, utayapata ijayo. Hakuna aliyewahi kufutwa. Ndiyo maana watu wetu wanajua kungoja kuliko watu wote ninaowajua. Wanangoja kwa adabu, wanangoja kwa tabasamu, na mtu asiyeweza kungoja humwona hana malezi.

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na saba, amemaliza darasa la sita kwenye shule ya misheni, ana mikono mikubwa na moyo wa kondoo. Siku moja ya soko aliteremka Same na gunia la maharage. Enzi zile za Mwingereza, Same ilikuwa stesheni, maduka machache ya Wahindi, vumbi, na boma la Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Pale stesheni kaka akakutana na Singasinga mmoja, fundi wa reli, aliyekuwa akitafuta vijana wa kuwafundisha kazi: kugeuza njia za treni, kutunza taa, kukaza mataruma chini ya reli. Masharti yalikuwa mawili tu. Kijana ajue kusoma, na baba yake aje mwenyewe stesheni, aseme kwa mdomo wake kwamba amemtoa. Waliotangulia walikuwa wameitwa na baba zao kila msimu wa mavuno, wakaacha reli bila mtu, na Singasinga alikuwa amechoka. Tena alitaka jibu kabla ya masika, kwa sababu mvua zikianza vijana wangepakiwa kwenye treni kwenda kujifunzia Tanga.

Kaka alirudi akipanda mlima mbio, gunia tupu begani. Sikuwahi kumwona hivyo. Alitueleza mimi na mama jikoni, na alipofika kwenye zile taa, nyekundu na kijani, alizitaja mara mbili. Alikuwa ameonyeshwa jinsi ya kuupindua mkono wa chuma mpaka njia yenyewe ikahama. Hakutaka kitu kingine chochote duniani. Mpaka leo nikiikumbuka sura yake siku ile, naumia.

"Nakwenda kumwambia sasa hivi," akasema.

"Thubutu," mama akamjibu. "Ndiva leo haikujaa, na wamegombana kule mfereji wa chini. Utaharibu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kaka alimsikiliza.

Mama alikuwa bingwa wa kumwomba baba. Alijua saa zake, alijua mlo wake, alijua kwamba usimwombe akiwa amesimama, wala siku ya mkutano wa kanisa, wala kabla hajanusa ugoro. Alijua kuanza na shukrani kwa jambo la zamani. Alijua kuomba ng'ombe kwanza ili kuku aonekane mdogo. Alikuwa na elimu kubwa kuhusu mume wake, na elimu yote hiyo kwa miaka ishirini ilikuwa imempatia sufuria mbili na blanketi.

Juzi mjukuu wangu alinisomea kutoka kwenye simu yake mafunzo ya jinsi kijana anavyoweza kumshawishi mzazi akubali. Chagua wakati mzuri. Onyesha kwamba unawajibika. Sikiliza hoja zake. Jitolee kufanya kazi fulani kama badala. Shukuru mapema. Alisoma kwa furaha kama aliyegundua dawa. Nikamwambia azime hicho kitu. Mama yangu aliyajua yote hayo na hakuwa na kiatu.

Basi kaka akawekwa kwenye mafunzo. Kwanza aonyeshe kwamba ni mtoto mwema. Kana kwamba hakuwa mwema! Hakuwahi kuwa na kosa kubwa zaidi ya kulala kanisani. Sasa akawa anaamka kabla ya jogoo, anakata majani ya ng'ombe, anarudi, anamwekea baba maji ya kunawa, anasema "Shikamoo baba" na kuinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. "Marahaba," baba anajibu, macho yake yakimfuata. Baba hakuwa mjinga. Alishanusa ombi, kama alivyolinusa kwa kila aliyekuja na ndizi, na akakaa mkao wa kula.

Kaka alipotoa ombi lake hatimaye, alilitoa vizuri, kwa maneno aliyofundishwa. Alipiga goti. Alitaja jinsi baba alivyomsomesha. Alisema anataka kuliinua jina la nyumba. Baba akatazama migomba muda mrefu.

"Nimesikia," akasema.

Mama akatabasamu kule jikoni. "Umeona? Hajakataa."

Tangu siku ile nyumba yetu ilipata mfanyakazi wa bure. Baba hakuwahi kuamuru. Alikuwa na njia yake ya kusema hewani. "Lile banda la ng'ombe linavuja." Kesho yake kaka yuko juu ya banda na majani ya migomba. "Sijui nani atachimba mashimo ya kahawa mwaka huu." Kaka akachimba mteremko mzima, viganja vikapasuka. "Ukuta wa shamba la juu unaporomoka." Kaka akabeba mawe. Na kila alipomaliza, baba alikuja, akakagua, akaguna kwa ridhaa, na kaka akanitazama kwa macho yanayong'aa, kana kwamba ule mguno ulikuwa nusu ya safari ya Tanga.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, bado nasoma shule ya misheni, na ulimi mkali. Nilimfuata kwenye mashimo ya kahawa.

"Anakutumikisha," nikamwambia.

"Anaangalia kama mimi ni mtu wa kutegemewa."

"Akisema ndiyo unaondoka. Akisema hapana unanuna, kazi inasimama. Sasa kwa nini aseme lolote?"

Akaegemea jembe, akafikiri. Nilidhani nimempata. "Wewe hujui mambo ya wakubwa," akasema.

"Kesho usimkatie majani. Mwambie: baba, siku ya soko naenda stesheni, unakuja au huji?"

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Nikifanya hivyo nitaipoteza zamu."

Nilimdharau siku ile. Nilimdharau kwa goti, kwa viganja, kwa kile kidevu kifuani. Nilikuwa nampenda kuliko mtu yeyote nyumbani, na dharau haikupunguza upendo hata kidogo. Vilikaa pamoja vikanikosesha raha.

Majuma yakapita. Mama akaona sasa ni wakati wa kumwita mjomba kutoka Suji. Kwetu mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake. Akija kuwasemea, baba wa watoto hawezi kumfukuza. Basi akaja, koti la sufu jua likiwaka, fimbo mkononi, akitufokea sote kwa sababu ya njia mbaya utadhani sisi ndio tuliopanga mawe. Walikaa uani na baba tangu alasiri. Pombe ya miwa ililetwa, ingawa wote wawili walikuwa Walutheri wa kujipiga kifua siku ya Jumapili. Nikatumwa kupeleka makande, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Walizungumza juu ya mbuzi aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Walizungumza juu ya mpaka wa shamba la mtu ambaye hakuwepo. Jua lilipokaribia kuzama mjomba akakohoa, akasema kijana ana hamu ya reli, na reli siyo jambo baya. Baba akamjazia kibuyu.

"Nimesikia, shemeji."

Mjomba akaja jikoni anayumba kidogo. "Nimewasemea," akatutangazia. "Amesikia." Mama alimfungia kuku aende naye.

Kaka alifurahi! Alisema ameliona jambo linasogea. Mimi nikamuuliza linasogea kwenda wapi, na mama akanipiga mwiko wa mgongo.

Siku ya soko iliyofuata kaka aliteremka tena kumwomba Singasinga amvumilie. Nilikwenda naye, nimebeba ndizi za kuuza. Singasinga alikuwa amechuchumaa relini, kilemba kimefunikwa vumbi, anagonga chuma na kusikiliza mlio wake. Alimkumbuka kaka. Nadhani alimpenda.

"Baba yako iko wapi?"

"Anakuja, bwana. Bado kidogo."

"Wewe sema bado kidogo ile siku ingine. Baba ya huyu kesho tu ilikuja." Akamwonyesha kijana mmoja kutoka Msangeni aliyekuwa akibeba ndoo ya mafuta, mwembamba, hata kusoma kwake sikukuamini. "Mimi nabaki na nafasi moja. Mvua ikianguka, basi."

Mtu yule alikuwa mgeni, Kiswahili chake kibovu, na ndiye peke yake katika habari hii yote aliyesema jambo likaeleweka. Wakati wa kurudi nilimwambia kaka amwite baba waende kesho yake. Akasema atatafuta nafasi ya kumkumbusha kwa upole. Aliitafuta nafasi hiyo wiki nzima. Baba akawa anasema hewani juu ya paa la jiko.

Kisha ikaja siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva kabla ya masika. Kila nyumba inatoa mtu. Asiyefika anatozwa mbuzi. Wanaume walikuwa ndani ya bwawa tupu, tope mapajani, wanapokezana karai kwa nyimbo, na kaka yangu alikuwa katikati yao, anafanya kazi ya watu wawili kwa sababu baba alikuwa ukingoni anatazama. Sisi wanawake tulikuwa juu na vyungu vya makande. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Same tangu asubuhi, meusi.

Mchuuzi wa chumvi akapanda na punda wake. Alisimama kumsalimia baba, na katika habari za huko chini akasema kwamba mvua imewahi huko, na vijana wa reli wameondoka jana na treni ya Tanga, wamejaa, wamepewa na mablanketi. Nilikuwa hatua chache, na chungu kichwani. Nilimwona baba akisikia. Hakushtuka. Aliuliza bei ya chumvi. Mchuuzi akazunguka ukingo wa bwawa, akasimama tena kwa wanaume waliokuwa wakipokea makarai, nao wakaipitisha ile habari chini pamoja na makarai. Nilimwona kaka ikimfikia. Alibaki ameshika karai tupu. Mtu wa nyuma yake akamgonga bega apokee, akapokea.

Walipotoka kwenye tope na kuketi kula, baba alisimama. Hakuwa na desturi ya kusimama. Akasafisha koo, wanaume wote wa mifereji mitatu wakanyamaza.

"Mwanangu huyu," akasema, "ameniomba jambo. Ameomba kwa adabu, mmemwona wenyewe anavyofanya kazi. Mjomba wake amekuja. Mimi ni mzazi, nimepima. Leo, mbele yenu, nasema ndiyo. Aende reli. Jumatatu nitampeleka mwenyewe."

Watu wakapiga makofi; kwao treni ilikuwa kama zamu ya ndiva, ikipita itarudi. Mzee mmoja akasema huyu ndiye baba. Mama alipiga vigelegele, masikini, hakuwa ameisikia ile habari. Mimi nikamtazama kaka. Alikuwa anajua. Baba anajua, kaka anajua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Nilingoja. Nilikuwa naomba kwa Mungu, kwa moyo ambao sijawahi kuomba nao tena, kwamba kaka aseme neno moja. Lolote. Hata tusi.

Kaka akapiga goti kwenye tope.

"Asante, baba," akasema. "Nashukuru sana."

Jumatatu walikwenda kweli. Baba alivaa koti. Walirudi jioni na chumvi, mafuta ya taa na kipande cha sabuni. Baba alikuwa na shida zake za dukani. Akatuambia kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu wake kwamba wamefika wakakuta nafasi zimejaa, Singasinga amesikitika, na ndivyo dunia ilivyo. Mama akalia. Kaka akamfariji.

"Zamu itarudi, mama," akamwambia. "Watataka wengine."

Hawakutaka wengine, au walitaka na hakuna aliyejua. Mwaka uliofuata Singasinga alihamishwa. Kaka alioa, akajenga chini ya nyumba ya baba, na baba alipozeeka akawa mgawa maji. Nimemsikia kwa masikio yangu, kaka yangu mimi, akimwambia mjane mmoja aliyekuja na ndizi, "Nimesikia."

Lakini nimeruka mbele. Nirudi jikoni, wiki ile ile ya mafuta ya taa. Nilikuwa nakoroga uji, baba akaja akaketi kwenye kigoda cha mama, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Mvua ilikuwa imeanza. Nadhani alikuwa amepungukiwa. Mvua ikinyesha hakuna anayeomba maji, na kaka alikuwa ameshapewa ndiyo yake, hana tena la kuomba. Ua wetu ulikuwa mtupu.

"Wewe binti yangu," akasema, "hujawahi kuniomba kitu."

"Ndiyo, baba."

"Kila mtu ana haja yake. Wewe wataka nini?"

Nilikuwa na haja. Wasichana wawili wa darasani kwangu walikuwa wanakwenda shule ya bweni ya misheni, na mwalimu wetu alikuwa ameniambia nafasi yangu ipo, nimwambie baba tu. Nililitaka jambo lile kuliko kaka alivyoitaka reli, kwa sababu mimi nilijua nitakalokuwa nikilikosa. Nilikuwa nalo mdomoni tangu wiki ile ya paa la jiko.

"Sitaki kitu, baba."

Akacheka kidogo. Hakuondoka. Kesho yake akauliza tena, akiwa amebadili sauti. Akaniletea kanga kutoka dukani, ya maua mekundu, akaiweka gotini pangu na kunitazama usoni kama walivyokuwa wakimtazama yeye watu wa maharage. Nikashukuru, nikaikunja. Mwisho wa wiki, wasichana wale wakiwa wanafunga mizigo, alikuja mara ya tatu, akasimama nje ya mlango wa jiko. Mvua ilikuwa inampiga kichwani na hakujikinga.

"Sema tu, mwanangu," akasema. "Chochote. Leo ukisema, nakupa."

Nilimwangalia uso. Alikuwa anasema kweli. Angenipa, palepale, bila kungoja siku moja. Nikamwambia sitaki kitu, na nikaendelea kukoroga uji.